WhatsApp, Facebook au Telegram: kundi la akina mama likae wapi ili wasidhalilishwe?

Kundi letu la akina mama wanaonyonyesha lilianza na watu kumi na wanne tuliojuana kliniki. Tuliliweka WhatsApp kwa sababu kila mmoja alikuwa nayo tayari kwenye simu. Hakuna aliyekaa kupima kama panafaa. Miaka miwili baadaye tulikuwa tumepita mia tatu, linki inazunguka mjini, na maadmini ni watatu, mimi nikiwa mmoja wao.

Usiku mmoja dada mmoja aliandika kwamba maziwa hayatoki na anaona aibu kumwambia mama mkwe. Alijibiwa vizuri, akatiwa moyo, akaelekezwa namna ya kumweka mtoto. Saa saba usiku ikaingia meseji kwake kutoka namba asiyoijua: anataka kuja "kumsaidia". Ikafuata picha ya uchafu. Zikafuata simu, kumi na moja mpaka alfajiri. Mwenye namba ile alikuwa ndani ya kundi letu kwa miezi minne, kaweka picha ya mtoto mchanga, hajawahi kuandika hata neno moja.

Asubuhi tukamtoa. Dada naye akalefti siku ileile, na laini yake akaibadilisha. Ameniruhusu nisimulie haya.

Tangu hapo kundi hilo nimeliendesha Facebook, nimesaidia kuendesha kundi kubwa la wanafunzi Telegram, na bado ni admini WhatsApp katika makundi mengine mawili, la ukoo na la kikoba. Naandika kwa ajili ya mtu anayeanzisha kundi au anayetaka kulihamisha. Wengi huanza kwa kuuliza ni wapi kuna vitufe vingi vya kufuta na kuzuia. Swali hilo nalo lina nafasi yake, lakini mimi huanza na jingine: mtu mbaya akiingia humu, akitoka atatoka na nini mkononi? Yule bwana hakutukana mtu mbele yetu. Hapakuwa na komenti ya kufuta. Alichukua namba akaenda kufanya kazi yake pembeni, mahali ambapo admini haoni.

Namba ya simu

Ninapoandika haya, WhatsApp inamwonyesha kila mwanakundi namba ya kila mwanakundi mwenzake. Unagusa jina la kundi, unashuka chini, orodha yote hiyo hapo. Na ukimtoa mtu, umemtoa yeye tu. Mazungumzo ya nyuma na namba alizoziona zinabaki kwenye simu yake.

Kwetu namba ya simu imebeba mambo mengi. Mtu akianza kutuma pesa kwa namba fulani, huduma nyingi humwonyesha jina la mwenye laini kabla pesa haijatoka. Ni jambo jema, limewaokoa wengi wasipoteze hela. Lakini maana yake ni kwamba mwenye namba yako ana jina lako kamili, lile la kitambulisho, hata kama kwenye kundi unaitwa Mama Fulani. Mwenye jina lako kamili akilitafuta mtandaoni anapata picha zako, kazi yako, harusi ya dada yako, na kanisa au msikiti mnaoswali. Yule dada alipigiwa simu usiku huo kwa jina la baba yake. Ndicho kilichomtisha kuliko picha.

Hata pasipokuwa na udhalilishaji, orodha ya namba mia tatu za wanawake ni shamba la matapeli. Wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" walituvamia mara mbili. (Kwa walio Tanzania: meseji ya namna hiyo usiijibu, ipeleke 15040.)

WhatsApp wamejaribu kupunguza tatizo hili. Tangu Novemba 2022 kuna kitu kinachoitwa Jumuiya, yaani makundi kadhaa chini ya mwavuli mmoja, na juu yake kundi la matangazo. Ndani ya kundi hilo la matangazo wanachama hawaoneani namba. Admini ndiye anayeziona. Ni msaada wa kweli kwa shule, msikiti au chama kinachotaka kupeleka taarifa. Ila mama mwenye shida hahitaji matangazo, anahitaji kuzungumza, na akishuka kwenye makundi ya chini ili azungumze, namba zinaonekana kama kawaida.

Facebook haionyeshi namba kwa wanakundi. Aliyekuja kuchungulia anatoka na jina lako na kile ulichokiacha wazi kwenye profaili. Kwa mwenye profaili iliyofungwa, hicho ni kidogo. Kwa aliyeacha kila kitu wazi, ni kingi sana, pengine kuliko namba. Kitu kilichonivuta Facebook ni kingine kabisa: admini anaweza kuruhusu watu waposti bila jina. Wanakundi wanaona posti imetoka kwa mwanachama asiyetajwa, maadmini na wasaidizi wao tu ndio wanaona ni nani. Kwa kundi linalozungumzia maziwa, mishono, kuharibika kwa mimba na waume wanaopiga, hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote nitakavyovitaja humu. Mwezi wa kwanza baada ya kuhama, watu waliokuwa kimya miaka miwili walianza kuuliza.

Telegram inakuruhusu kuficha namba kabisa na kutumia jina la kujichagulia. Na kundi likishapita watu 100, admini anaweza kuficha hata orodha ya wanachama. Tatizo ni neno "inakuruhusu". Mtu asipoingia kwenye mipangilio ya faragha akachagua kwamba namba isionwe na mtu yeyote, waliomo kwenye orodha yake ya simu wataendelea kuiona. Nilipopita kwenye kundi la wanafunzi, vijana wanaojua simu kweli kweli, wengi hawakuwa wamegusa mpangilio huo. Pia kumbuka kwamba Telegram mtu yeyote wa kundini anaweza kukuandikia pembeni. Tofauti ni kwamba ukimblok, amebaki na jina la kujichagulia ambalo unaweza kulibadilisha leo hii. Hana pa kupiga simu.

Mlangoni

Hapa sitazunguka: Facebook ndiyo yenye mlango mzuri.

WhatsApp, tangu 2023, admini anaweza kuweka kila anayetaka kuingia asubiri kukubaliwa, hata akija kwa linki. Washeni hilo leo kama hamjaliwasha. Lakini mlangoni unamwona mtu kwa namba, jina alilojiandikia na picha. Yule bwana angepita, maana alikuwa na picha ya mtoto.

Telegram nayo ina maombi ya kuingia tangu 2021, na kuna maboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, yanayomwekea mgeni swali dogo la kuthibitisha kwamba ni binadamu. Maboti haya yanazuia sana akaunti za matangazo ya kamari na sarafu za mtandaoni, ambazo Telegram ni nyingi mno. Mwanaume mwenye nia yake hazuiwi na swali la tatu jumlisha nne.

Kundi la faragha la Facebook linakuruhusu kumuuliza anayeomba kuingia maswali mpaka matatu, na unaona akaunti yake ilivyo, kama ina historia au imefunguliwa juzi. Tulikaa jioni nzima kutafuta maswali ya kufaa. Maswali kama "Kwa nini unataka kujiunga?" hayafai kitu, kila mtu anajibu "kujifunza". Tulibaki na hili: mtoto ana umri gani, na chanjo yake ya mwisho ilikuwa ipi? Mama wa mtoto wa miezi minne anakujibu "Penta ya tatu" kabla hujamaliza kuuliza. Wa miezi kumi anakwambia amemaliza surua ya kwanza. Mjamzito anakwambia bado hajajifungua, na anakutajia mwezi. Aliyekuja kuchungulia anaandika "chanjo zote". Tumewarudisha wengi kwa swali hilo moja, na akina baba wachache walioingia kwa uwazi, wanaotaka kujua namna ya kuwasaidia wake zao, wamelijibu vizuri kuliko baadhi yetu.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau mlangoni ni historia. WhatsApp, kwa kawaida, mgeni haoni yaliyosemwa kabla hajaingia. Telegram admini anachagua kama mgeni aone ya nyuma au asione. Facebook mgeni akishakubaliwa anasoma kila kitu tangu siku ya kwanza, na anaweza hata kutafuta kwa neno. Kwa hiyo mlango wa Facebook una kazi kubwa zaidi, kwa sababu nyuma yake kuna kabati lililojaa. Sisi kila baada ya miezi sita tunapitia posti za zamani zenye majina na kuwauliza wenyewe kama zibaki.

Mikono ya admini

Kwa muda mrefu admini wa WhatsApp alikuwa na silaha moja tu, kumtoa mtu. Mwaka 2022 ndipo akapewa uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wote. Mbali na hapo unaweza kufunga kundi ili maadmini tu waandike. Kati ya kufunga mdomo wa mmoja milele na kufunga midomo ya wote hakuna kitu. Huwezi kumwambia mtu, "Kaa pembeni siku tatu upoe." Kwenye kundi la ukoo hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu kumtoa baba mdogo kwenye grupu ni kesi itakayofika mpaka msibani.

Na maadmini wote wa WhatsApp wana nguvu sawa. Yeyote anaweza kumpandisha mwingine, na yeyote anaweza kumtoa mwenzake, isipokuwa yule aliyelianzisha kundi. Nimeshuhudia kundi la mtaa likitekwa hivi: mwanzilishi alipoteza simu, akarudi kwa laini nyingine, na mmoja aliyepewa uadmini kwa wema akawatoa wengine wote usiku mmoja na kulifanya kundi la kampeni zake.

Facebook ina ngazi mbili, admini na msimamizi mdogo wake, na msimamizi hawezi kumwondoa admini. Unaweza kumnyamazisha mtu kwa muda, hadi siku 28, naye akaendelea kusoma. Unaweza kuamuru posti zote zipite kwenu kwanza. Ukimfukuza mtu, unaulizwa kama ufute pia alivyoviposti karibuni, na kama uzuie akaunti nyingine atakazofungua. Hicho cha mwisho hakizuii kila mtu, lakini kimetupunguzia wale wanaorudi kwa jina jipya jioni ileile.

Telegram kwa upande huu imezipita zote mbili. Unamgawia kila admini kazi yake: huyu afute, huyu akubali wageni, yule asiweze kumpandisha mtu. Unaweza kumzuia mtu mmoja asitume picha wala linki, huku maneno akiendelea kuandika. Kuna kupunguza mwendo: kundi likichemka, unaweka kwamba kila mtu anaandika ujumbe mmoja kila baada ya muda fulani, mpaka saa nzima ukitaka. Hiki kilituokoa siku matokeo ya mtihani yalipotoka na watu wakaanza kumshambulia msichana mmoja aliyeandika kwamba amefeli. Hatukumfukuza mtu. Tuliweka dakika kumi na tano, na ghadhabu ikakosa pumzi, maana matusi yanategemea kujibizana papo kwa papo. Kisha kuna daftari la matukio la saa 48, ambamo maadmini wanaona nani amefuta nini na kilichofutwa kilisemaje. Admini akituhumiwa upendeleo, wenzake wanafungua daftari.

Na Telegram inamruhusu admini afanye kazi bila jina lake kuonekana, anaonekana kama kundi lenyewe. Nalisema hili kwa uzito. WhatsApp namba ya admini ipo juu kabisa, imewekwa alama. Niliowatoa walinipigia. Mmoja alimpigia mume wangu. Mwenzangu mmoja kati ya wale watatu aliacha kwa sababu hiyo, na alikuwa mkunga, mtu tuliyemhitaji kuliko sote. Mkichagua mahali, wahesabuni na wanaolinda, maana wao ndio wa kwanza kurushiwa mawe.

Mashine na Kiswahili

Facebook na Telegram, kwa njia moja au nyingine, zitakuahidi kwamba mashine itakusaidia. Facebook inakuruhusu kuweka orodha ya maneno, posti au komenti yenye neno hilo inazuiwa au mnapewa taarifa. Telegram unaongeza boti la kufanya kazi hiyo. WhatsApp haina kitu cha namna hiyo ndani ya makundi. Mazungumzo yake yamefungwa kwa siri kati ya simu na simu tangu 2016, kwa hiyo anayesoma ni nyinyi wenyewe.

Nimezitumia orodha hizo na nina ushauri: zitumieni, lakini msizilalie. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno kila mara. Ukiandika "nitakupiga" kwenye orodha, "tutampiga" inapita, "apigwe" inapita, "akikutana na kipigo" inapita. Ukisema basi boti likamate kipande cha neno popote kilipo, unaanguka upande wa pili: tusi kubwa la lugha yetu limo mwanzoni mwa neno safi kabisa, "kumaliza". Boti letu la kwanza lilifuta ujumbe wa mama aliyeuliza kama mtoto anaruhusiwa kumaliza dozi ya antibayotiki akiwa ameshapona. Likamzuia pia asiandike kwa saa 24. Aliyekuwa anatishia wenzake siku hiyo alikuwa anaandika kwa Kiswahili fasaha, hana tusi hata moja.

Na sisi watu wa pwani na bara tunajua kuumizana bila tusi. "Mtoto kachukua sura ya jirani." "Kuzaa kila mtu anazaa, kulea ndiyo kazi." Maneno hayo yakitumwa kwa mama aliyeachwa wiki iliyopita, ni kisu. Mashine inayasoma kama habari za watoto. Anayejua ni mtu aliyesoma posti ya wiki iliyopita.

Msitegemee sana pia kwamba kampuni zenyewe zinasoma Kiswahili kwa makini. Julai 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalipeleka Facebook matangazo ya majaribio yenye maneno ya chuki, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na yakaidhinishwa. Mwanzoni mwa 2023 kampuni ya Sama ya Nairobi, ambako vijana waliajiriwa kusafisha maudhui ya Facebook, ilitangaza kuachana na kazi hiyo, na wasafishaji zaidi ya 180 wakaenda mahakamani kudai haki zao, wengi wakieleza jinsi walivyoumizwa akili na walichokiona. Nikibonyeza "ripoti" huwa nawafikiria hao. Ripotini, lakini futeni kwanza wenyewe.

Kwa hiyo zote zinahitaji jicho la mtu. Tofauti iliyopo ni muda ambao chombo kinakupa kabla madhara hayajafika. Facebook, kwa kuwa posti inaweza kusubiri idhini, inakupa muda mpaka utakapoamka. Telegram inakupunguzia mwendo. WhatsApp haikupi hata dakika: imetumwa, imesomwa, imepigwa skrinishoti, ndipo unaifuta.

Likishatokea

Kwenye ushahidi WhatsApp inapanda juu, na kwa sababu ileile iliyoishusha mwanzoni. Namba yako inaonekana, lakini na yake inaonekana. Tanzania laini zote zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na mwanzoni mwa 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Polisi wakitaka kuitafuta namba, wana pa kuanzia. Akaunti ya Facebook ya jina la uongo au ya Telegram isiyo na namba ni safari ndefu zaidi, ingawa tangu Septemba 2024, baada ya mwanzilishi wake Pavel Durov kukamatwa Ufaransa mwezi mmoja kabla, Telegram ilitangaza kwamba itazipa mamlaka namba za simu na anwani za intaneti za wahalifu pale panapokuwa na ombi halali la kisheria.

Kufuta pia kunatofautiana. WhatsApp aliyetuma anaweza kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushee tu, na alama ya kwamba kitu kimefutwa inabaki. Telegram anayekusumbua pembeni anaweza kufuta mazungumzo yote, upande wake na wako, wakati wowote, na pasibaki alama. Niliwahi kumwambia msichana mmoja wa kundi la wanafunzi, "Tulia, kesho tutaenda pamoja polisi na simu yako." Kesho yake simu ilikuwa tupu. Lilikuwa kosa langu na sijalirudia. Sasa sentensi ya kwanza ninayomwandikia mtu ni hii: piga skrinishoti sasa hivi, ionyeshe namba au jina la akaunti, tarehe na saa, usiikate kingo. Kisha mtumie mtu mmoja unayemwamini. Ndipo ublok.

WhatsApp ukimripoti mtu, hadi meseji zake tano za mwisho zinapelekwa kwa kampuni, kwa hiyo ripoti kabla ya kufuta mazungumzo.

Sheria ipo. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inamwadhibu anayemtumia mtu ujumbe wa kumtisha, kumnyanyasa au kumsononesha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 27, inafika faini ya hadi shilingi milioni 20 za huko au kifungo cha hadi miaka 10. Kituo cha polisi ombeni Dawati la Jinsia na Watoto, na msiende peke yenu. Admini aende. Tulikwenda na yule dada wa kwanza, watatu, na ule wingi wetu ulifanya tusikilizwe.

Bando na kufungiwa

Hili ni fupi lakini msiliruke. Wapo akina mama wenye bando la WhatsApp tu, na simu iliyojaa isiyo na nafasi ya programu nyingine. Tulipohama tulipoteza watu, na baadhi yao ndio waliohitaji kundi zaidi. Pia angalieni wanachama wenu wako nchi gani. Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021, na kwa miaka watu waliifikia kwa VPN tu, programu ya kupita kizuizi. Kenya Telegram ilizuiwa wakati wa mitihani ya kidato cha nne, Novemba 2023 na tena 2024. Kundi lenye ndugu wa Kampala na Nairobi liwe na njia ya pili ya kuwasiliana.

Basi mchague nini

Kama mnajuana kwa sura, mko chini ya hamsini, na hakuna linki inayozunguka, kaeni WhatsApp. Kikoba chetu kipo huko na sijafikiria kukihamisha, kwa sababu namba zenyewe tunazihitaji kwa michango. Washeni idhini ya kuingia, badilisheni linki kila mtu asiyefaa anapotoka, na mwanzilishi awe mtu mtulivu, kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kupinduliwa.

Kundi likianza kupokea watu msiowajua, na mazungumzo yanahusu mwili, ndoa, ugonjwa au imani, nendeni Facebook, kundi la faragha, posti kwa idhini, kuposti bila jina kuruhusiwe. Nasema hivi nikijua kwamba Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, mnamo Januari 2025 ililegeza kanuni zake za maneno ya chuki. Ulinzi wa kundi la faragha unatoka kwa maadmini wake, na Facebook imewapa maadmini muda na mlango.

Kwa kundi kubwa sana, la vijana, wanafunzi, mashabiki wa mpira au watu wa siasa, pahali penye kelele na kasi, Telegram haina mpinzani kwa mikono ya admini. Lakini siku ya kwanza kabisa wekeni ujumbe uliobandikwa juu wenye picha za hatua za kuficha namba, na msimruhusu mtu kuandika mpaka aseme amefanya. Na kila mmoja afahamu kwamba makundi ya Telegram hayajafungwa kwa siri kama ya WhatsApp.

Sisi sasa tuko mahali pawili. Mazungumzo yako Facebook. WhatsApp limebaki kundi la matangazo tu, kwa wale wa bando dogo: siku za kliniki, majibu ya maswali yaliyoulizwa sana, yakiwa yameondolewa majina. Maadmini tumekuwa watano, tunapokezana, na kuanzia saa nne usiku hakuna posti inayopita hadi asubuhi, kwa sababu usiku ndio wakati mama anaandika jambo ambalo kesho angetamani asingeliandika, na ndio wakati wachunguliaji wako macho.

Mwezi wa tatu baada ya kuhama iliingia posti isiyo na jina ikisubiri idhini. Mtoto ana meno mawili, anauma wakati wa kunyonya, afanyeje? Wanakundi hawakuweza kujua ni nani. Mimi, kwa kuwa ni admini, niliona. Alikuwa yule dada, kwa akaunti mpya. Nikaipitisha, na kabla ya saa sita mchana alikuwa na majibu arobaini.